Siku Sauti Yangu Ilipopiga Simu Bila Mimi

Siku ya kwanza kazini nilipewa sweta. Sikupewa kompyuta, wala kiti, wala maelezo yoyote. Sweta tu, ya rangi ya kahawia, imetoboka kiwikoni. Aliyenipa aliitwa Willy, Mflamandi, yaani Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, mwenye masharubu mazito, fundi mkuu wa chumba cha mashine katika shirika lililokuwa likiendesha kliniki na nyumba za wazee hapa Brussels. Nilikuwa nimevaa blauzi ya hariri na viatu vya kisigino, maana mama yangu kule Likasi, Katanga, alinihakikishia kwenye simu kwamba mtu wa ofisini ndivyo anavyovaa. Willy alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema chumba kile kina baridi kuliko barabara ya nje mwezi wa Januari, na kwamba mashine hazitajali blauzi yangu.

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii mliniomba niwaandikie habari za akili bandia, jinsi ilivyotukuta na jinsi ilivyotubadilisha. Nitafika huko, ila njia yangu inapita katika chumba kile cha baridi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Mishahara ya wakati ule mtacheka, na vyeo vyangu vilibadilishwa majina mara nyingi hata sijui nilistaafu nikiwa nani. Nawaandikia kwa Kiswahili cha vitabuni, ambacho nilikipata ukubwani kwa kusoma na kwa kuolewa na mtu wa Kigoma anayenisahihisha hata ninapoota. Mdomoni bado nina Kiswahili cha Likasi, na Kifaransa kimejaa ndani yake. Mume wangu alishakata tamaa.

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kanda. Data zote za kliniki zilinakiliwa kwenye kanda za sumaku, na kila asubuhi mimi nilizitoa mashineni, nikazibandika lebo, nikazipeleka kwenye kabati la chuma katika jengo la jirani, ili jengo letu likiungua tusipoteze kila kitu. Niliifanya kazi hiyo kwa unadhifu mkubwa na sikuielewa hata kidogo. Ijumaa moja Willy akafuta faili la majaribio mbele ya macho yangu, akaniambia nilirudishe kutoka kwenye kanda. Kanda ikasoma, ikasoma, ikakwama katikati. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nabeba plastiki kuvuka barabara. Kuanzia hapo kila Ijumaa tulichagua kitu na kukirudisha, iwe mvua iwe jua, na mimi niliendelea hivyo hata yeye alipokwisha kuondoka.

Alinifundisha kubandika lebo pande zote mbili za kebo, na kuiandika kwa namna ambayo hata mtu asiyenipenda angeweza kuisoma. Alinifundisha kuweka kiganja nyuma ya mashine kabla ya kutazama kioo chake, kwa sababu joto husema mapema. Tulielewana vizuri, nadhani kwa kuwa hakuna aliyetuelewa sisi wawili. Madaktari walipopiga simu na kusikia lafudhi yake ya Kiflamandi waliomba wapewe mtu mwingine. Wakipewa mimi, na lafudhi yangu ya Katanga, waliomba arudishwe Willy.

Siku niliyojifunza kazi hasa ni mchana mmoja wa kiangazi, kiyoyozi kilipokufa. Joto lilipanda chumbani mpaka mashine zikaanza kuvuma kama zinalalamika, na ilikuwa lazima tuzime baadhi ili nyingine zipone. Mimi nilinyoosha mkono kwenye ile kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitoa moto mwingi. Willy akaushika mkono wangu. Akaniuliza ni mgonjwa gani analala kitandani akiitegemea mashine ile, na mimi sikujua. Basi tukasimama pale tukitoka jasho, yeye akizitaja moja moja. Ya mishahara, hakuna mgonjwa. Ya barua pepe, hakuna mgonjwa, na wengine watapumzika. Ya mikutano ya wakubwa, hata usiulize. Tulizima kwa mpangilio huo mpaka zikabaki zile za dawa na za majalada ya wagonjwa, milango iko wazi na feni za mgahawa zikizipulizia. Zilipona zote. Na mimi tangu siku ile sikuzima wala kuwasha kitu bila kujiuliza swali lile.

Willy alistaafu akahamia Ostend. Baada yake mambo yakaenda mbio. Shirika liliamua kwamba halina haja ya kumiliki mashine. Tutapanga nafasi kwenye mashine za watu wengine, mbali, na kulipia tunachotumia. Wakaja vijana wenye mikokoteni wakabeba kila kitu, na chumba changu cha baridi kikageuzwa kuwa chumba cha yoga cha wafanyakazi. Sikuwahi kuingia humo kunyoosha mguu.

Kisha ikaja akili bandia. Haikuja na kishindo. Mwanzo ilipewa kazi ambayo hakuna aliyeipenda, kusoma tahadhari. Mnajua mtandao wa shirika kubwa unavyolia siku nzima: mtu kakosea neno la siri, kompyuta fulani inazungumza na nyingine isiyoijua, mlango fulani umebishwa hodi. Tulikuwa na wenzetu ambao kazi yao ilikuwa kukaa mbele ya vioo na kuamua kelele ipi ni ya kweli. Mashine ilisoma zote kwa mara moja na kutuachia chache. Ilifanya vizuri, lazima niseme hivyo, na wawili kati ya wale wenzetu hawakurudi baada ya likizo. Hakuna aliyefukuzwa, mikataba iliisha tu. Ndivyo inavyosemwa.

Baadaye ikaanza kuandika maagizo ya kupanga seva, kazi iliyokuwa inanichukua juma zima. Nilijifunza kuisoma kazi yake kama nilivyokuwa nasoma ya mwanafunzi mwenye akili nyingi anayetaka kwenda nyumbani mapema. Nilipelekwa pia kutembelea jengo jipya zinakokaa mashine zenyewe za akili bandia. Zinatoa joto kiasi kwamba hewa haitoshi kuzipoza, kwa hiyo wamepitisha mabomba ya maji ndani kabisa ya makabati. Nilimfikiria Willy, aliyetumia maisha yake yote kuzuia maji yasikaribie seva na aliyewahi kumfukuza mkurugenzi chumbani kwa sababu ya kikombe cha chai.

Upande wa pili nao haukulala. Zamani barua za wezi tulizitambua kwa makosa ya sarufi, Kifaransa kibovu, Kiholanzi cha kuchekesha. Ghafla barua zikaanza kuja zimeandikwa safi, zina jina la mkuu wako, zinajua mlikutana juzi na mlizungumza nini. Nilipoanza kazi, mwenye makosa ya sarufi alikuwa mwizi. Nilipomaliza, mwenye makosa alikuwa mimi.

Mkuu wa usalama wakati huo alikuwa Joris, kijana wa Leuven, mkweli, mwenye bidii, anayekula sandwichi akiwa amesimama. Yeye ndiye aliyeleta mfumo mpya uliojifunza tabia za kila mmoja wetu. Ulijua kwamba mimi asubuhi natazama nakala rudufu kabla ya kufungua barua. Ulijua kwamba Jumatatu nachelewa. Ukiona tabia imegeuka, ulikuwa na ruhusa wenyewe ya kuikata akaunti bila kumwomba mtu. Joris alieleza kwamba wezi nao sasa wanatumia mashine, na mashine inamaliza kuiba kabla mtu hajainuka kitini. Alikuwa sahihi. Tulikubaliana pia kwamba siku moja tukae tuamue ni vitu gani mfumo usivikate kamwe. Jambo hilo likaandikwa kuwa la awamu ya pili, na awamu ya pili ilikuwa bado haijaja.

Sasa niwajulishe Furaha. Alizaliwa Bukavu, akafika Ubelgiji akiwa mdogo, mgongoni mwa mama yake, kama mkimbizi. Alisoma hapa hapa, akaajiriwa kwenye dawati la msaada, pale wafanyakazi wote wanapopiga simu kompyuta zinapowashinda. Juma lake la kwanza alinikuta nikigombana na printa kwa Kiswahili, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tulizungumza Kiswahili kazini, mimi cha Katanga, yeye cha Kivu, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba anakiharibu. Aliniita maman, na mimi nilimwona kama binti wa dada yangu. Alikuwa hodari. Watu walipiga simu wana hasira wakakata wanacheka.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, mchana. Nilikuwa Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, kwa msusi wangu, upande mmoja wa kichwa umekwisha kusukwa, upande wa pili nywele zimesimama hewani. Simu ikaita. Alikuwa Joris. Aliniuliza niko wapi, halafu akaniuliza kama nimeingia kwenye mfumo muda ule. Nikamjibu kwamba nimeketi kwenye kiti na kichwa changu kiko mikononi mwa mtu. Kisha akasema akaunti yangu, ile kubwa inayofungua seva zote, ilikuwa ndani ya mfumo ikifanya mambo, na kwamba Furaha amesema mimi mwenyewe nilipiga simu nikaomba afute simu yangu ya zamani, ile inayothibitisha kwamba anayeingia ni mimi, na kuweka mpya. Nikamwomba anipe Furaha.

“Furaha, mi sikukuita ku telefone leo,” nilimwambia. “Niko kwa coiffeuse toka midi.”



“Maman, ilikuwa sauti yako,” alisema. “Yako kabisa. Nilikusalimia kwa Kiswahili, ukaniitikia kwa Kiswahili.”

Nilishuka kitini. Msusi alitaka kunifunga kitambaa, nikaona ataanza kutafuta kinachofanana na blauzi, nikaondoka hivyo hivyo. Nilipita barabara ya Chaussée de Wavre yote na nusu ya kichwa. Kila aliyenijua alikuwa nje siku ile, na walionijua walinisalimia kwa heshima zaidi ya kawaida.

Ofisini mlango ulinikataa. Kadi yangu ilitoa mwanga mwekundu, kwa kuwa mfumo ulipoikata akaunti yangu ulikata na milango yangu. Mlinzi wa mapokezi tulikuwa tumefahamiana miaka, najua hadi majina ya mbwa wake. Aliniambia kwa aibu kwamba kioo chake kinasema mimi ni hatari. Ilibidi Joris ashuke. Alinitazama nywele, akafungua mdomo, akaufunga, akaniomba kitambulisho. Nilimpa, akakisoma mbele na nyuma. Nilichukia kwa muda wa kupanda lifti, halafu nikaona alifanya sawasawa.

Juu nikakuta hali ni hii. Mfumo uliigundua tabia ngeni upesi mno. Mwizi alikuwa ndio kwanza anajitengenezea akaunti ya pili ya kujifichia alipokatwa. Kama ingekuwa enzi zile za kusoma tahadhari kwa macho, tungemjua kesho yake, kila kitu kikiwa kimefungwa na barua ya kudai fidia imefika. Mashine ilituokoa, na mtu asiwaambie vingine. Lakini haikuishia hapo. Ilikata pia kila kitu ambacho akaunti yangu ilikuwa na mkono ndani yake, na mkono wangu ulikuwa katika kila kitu. Kliniki zote na nyumba za wazee hazikuweza tena kuona orodha za dawa.

Nadia, muuguzi mkuu wa nyumba yetu ya Molenbeek, alikuwa kwenye simu. Alikuwa na mzee anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande. Muuguzi wa zamu iliyopita alikwisha kwenda na simu yake haipatikani, na mzee mwenyewe hakumbuki chochote tangu mke wake alipofariki. Nadia hakujua kama amepewa dozi ya mchana. Akimpa mara mbili, anaweza kutoka damu ndani kwa ndani. Asipompa kabisa, damu inaweza kuganda. Alilieleza hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Joris alikuwa anatazama kioo. Mfumo ulishauri kila kitu kibaki kimekatwa mpaka ukaguzi wote uishe, yaani kesho.

“Nikifungua na mwizi bado yumo, ni mimi niliyemfungulia,” aliniambia.

Sikumlaumu. Kama angekosea, jina ambalo lingeandikwa kwenye ripoti ni lake. Nikamwambia asifungue chochote. Tuchukue nakala ya mwisho ya orodha za dawa, iliyonakiliwa baada ya saa ya chakula, tuiweke kwenye mashine mpya kabisa ambayo akaunti yangu haijawahi kuigusa, iwe ya kusomwa tu, isiweze kuandikwa, na tuwape wauguzi hiyo. Akauliza kama nina hakika nakala hiyo inarudi. Nikamjibu kwamba Ijumaa iliyopita ilirudi.

Basi tukafanya hivyo, na mimi nilifanya bila mikono. Sikuruhusiwa kugusa kibodi yoyote. Nilisimama nyuma ya kiti cha Joris nikisema, yeye akiandika. Tulipotaka kujua kama mwizi ameichezea nakala yenyewe, tuliiomba akili bandia ilinganishe nakala ile na zilizotangulia, mstari kwa mstari, na kabla sijamaliza kufuta miwani ikatuonyesha kila kilichobadilika, tukakisoma kwa macho yetu. Peke yetu tungekaa mpaka giza. Nilimwambia Joris tuanze na Molenbeek, kisha nyumba nyingine za wazee, kisha kliniki, na barua pepe ije ikitaka.

Nadia alifungua, akatafuta jina la mzee.

“Amekwisha pewa,” alisema. “Asanteni.” Akakata.

Joris aliegemea kiti. Ndipo nilipouliza Furaha yuko wapi.

Alikuwa jikoni mwa ofisi, ameketi mikono imebanwa kati ya magoti, kikombe cha kahawa mbele yake kimepoa. Walikuwa wamemfungia kompyuta yake. Nilikaa kando yake, akanieleza yote. Simu ilianza kwa Kifaransa: ni mimi, nina haraka, simu yangu imeanguka majini. Yeye akanijibu kwa Kiswahili kama kawaida yetu, na ile sauti ikageuka ikamjibu kwa Kiswahili bila kusita.

“Donc, ulisema vizuri sana, maman. Kiswahili ya ba-Tanzanie, ya redio. Mi niliwaza, bon, labda bwana yako iko kando yako. Labda uko mbele ya bantu bakubwa.”

“Na haukunirudilia ku telefone?”

Aliinamisha kichwa.

“Nitakuambia nini? Maman, hakikisha kama ni wewe?”

Mtu aliyelelewa kama sisi hamwambii mama yake athibitishe kwamba ni yeye.

Siku chache baadaye Joris aliniuliza kama nataka kuisikiliza sauti yenyewe, kwa kuwa simu za dawati la msaada hurekodiwa. Tulikwisha jua ilikotoka. Nilikuwa nimerekodi video ya kuwafundisha wafanyakazi namna ya kulinda maneno ya siri, na mtu wa mawasiliano aliipenda akaiweka kwenye tovuti, mbele ya dunia nzima. Mashine ikasikiliza somo langu la usalama kwa makini kuliko mfanyakazi yeyote. Nilikubali kusikiliza. Mwanzoni nilitabasamu, maana yule mama alikuwa na adabu kuliko mimi. Alisema tafadhali, alisema naomba unisaidie, ngeli zake zimenyooka, mume wangu angemwoa. Halafu akasema “Furaha, mwanangu,” na nikasikia namna yangu ya kulivuta lile jina, na pale nikamwambia Joris azime. Nilitoka nje nikatembea. Niliwahi kuibiwa mkoba mara mbili katika mji huu, nikaudhika nikasahau. Hili lilikuwa jambo jingine. Mtu alikuwa amevaa upole wangu ili kumdanganya mtoto anayenipenda.

Uongozi ulitaka Furaha aondoke. Kanuni ilikuwepo, imeandikwa: kabla ya kubadilisha uthibitisho wa akaunti kubwa, mpigie mtu kwenye namba yake inayojulikana. Hakupiga. Tuliitwa kwenye mkutano, mkurugenzi, mtu wa utumishi, Joris, mimi na Furaha. Mkurugenzi alizungumza kwa upole ule wa mtu aliyekwisha amua. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, lakini Furaha aliomba aseme kwanza. Alieleza, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba mwezi uliotangulia aliwahi kuwapigia watu wawili kuhakikisha. Mashine inayopima dawati la msaada iliihesabu kila simu ya kuhakikisha kama simu ya pili kwa tatizo lile lile, ikampaka rangi nyekundu, na akaambiwa ni mzito.

Mkurugenzi akauliza nani alimwambia hivyo.

Furaha alitazama meza. Angeweza kutaja jina, hakutaja.

“Ni mimi,” Joris akasema. “Nilisoma alama za mashine nikamwambia aongeze kasi. Sikuuliza kwa nini alikuwa mzito.”

Hapo mimi nikaona sina la kuongeza isipokuwa moja. Niliwaambia kwamba tuna mashine moja tuliyoinunua ili imshuku kila mtu, na nyingine tuliyoinunua ili kuwaharakisha watu wasishuku, na tumemweka msichana huyu katikati. Mkurugenzi aliandika kitu, sijui nini. Furaha alipewa onyo la maandishi akabaki. Simu za kuhakikisha ziliacha kuhesabiwa. Awamu ya pili ikafanyika juma lile lile, na orodha za dawa zikawa za kwanza katika vitu ambavyo mfumo hauruhusiwi kukata bila mtu. Ikawekwa pia kwamba anayefungua au kufunga akaunti kubwa lazima amwone mwenyewe, ana kwa ana, na kitambulisho mkononi. Hata mkurugenzi. Hata mimi.

Ningependa kuishia hapo, ila haikuishia hapo. Furaha aliacha kuzungumza Kiswahili nami. Alinisalimia kwa Kifaransa, akaniita madame Cécile, akaniletea kahawa kama zamani, na alikuwa mbali kama mtu wa upande wa pili wa kioo. Nilidhani amekasirika kwamba sikumtetea mapema. Siku moja kwenye ngazi nilimuuliza. Alinijibu polepole, na kwa Kifaransa, kwamba hana hasira na mimi. Ni kwamba akisikia sauti yangu kwa Kiswahili, anamsikia yule mwingine. Akaniomba nimsamehe. Nikamwambia hakuna cha kusamehe, nikashuka ngazi nikiwa nimesahau nilikuwa napanda.

Tukafanya kazi hivyo kwa miezi mingi. Joris alimchukua kwenye kikosi chake, na alifanya vizuri, kwa kuwa hakuna anayejua mtego kuliko aliyewahi kunaswa. Kazi yake ikawa kuitumia akili bandia kutengeneza simu za uongo za kuwafundisha wafanyakazi. Aliwahi kunipigia kwa sauti ya mkurugenzi. Nikamkatia, nikampigia mkurugenzi mwenyewe, ambaye alikuwa kwa daktari wa meno na hakufurahi. Ninyi wadogo zangu, kateni na mpige. Anayekupenda atangoja, na anayekasirika atapoa.

Siku ya mwisho kazini walinikatia keki, wakasema maneno, Joris akala yake akiwa amesimama. Ilibaki kufunga akaunti yangu. Nilikuwa mezani nikifuta vumbi ambalo halikuwepo Furaha alipokuja na kompyuta yake chini ya kwapa. Aliketi mbele yangu, akaifungua, akaniomba kitambulisho kwa Kifaransa kama kanuni inavyotaka. Nikampa.

Alikitazama. Halafu akanitazama mimi, na hakufanya haraka. Alitazama paji la uso, macho, mdomo, na nadhani alitazama muda mrefu kuliko kanuni inavyodai. Niliogopa kusema, kwa sababu sikujua ataisikia sauti ya nani.

“Njo wewe, maman,” alisema. Ndiye wewe, kwa Kiswahili cha kwao.

Akabonyeza. Jina langu likatoka kwenye kioo. Akafunga kompyuta, akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili chake kibovu cha Kivu kama nimekula, nami nikamjibu kwa changu.